Medicare hulipia ugonjwa, si uzee: nani anagharamia matunzo ya mzee nchini Marekani

Katika nyumba za kutunzia wazee nchini Marekani, kuna siku moja ambayo aghalabu huwakuta jamaa wa mgonjwa bila taarifa, nayo ni siku ya 21. Hadi jana yake, mzee aliyeletwa kutoka hospitali baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga amekuwa akilala, akila, akifanyishwa mazoezi ya viungo na kupewa dawa pasipo kutoa hata senti. Asubuhi ya siku hiyo anaanza kudaiwa dola 209.50 kwa kila siku, kwa viwango vya mwaka 2025, na binti yake anapokwenda ofisini kuuliza imekuwaje bima ya serikali ikate ghafla, hujibiwa kwamba haijakata: ndivyo sheria ilivyo tangu mwanzo. “Lakini si ana Medicare?” Naam, anayo. Shida ni kwamba Medicare haikuundwa kulipia kile ambacho mzee huyu sasa anakihitaji, na mfuko unaoweza kukilipia una jina linalofanana nalo kiasi cha kuwachanganya hata wenyeji waliozaliwa huko.

Majina hayo mawili ni mapacha kwelikweli. Medicare na Medicaid zilitiwa saini siku moja, tarehe 30 Julai 1965, Rais Lyndon B. Johnson alipokwenda mjini Independence, Missouri, kwenye maktaba ya Rais mstaafu Harry Truman, akamwandikisha mzee huyo kuwa mnufaika wa kwanza wa Medicare. Lakini malezi yao ni tofauti. Medicare ni bima ya serikali kuu: mtu hukatwa kodi kwenye mshahara akiwa kazini, na akifikisha miaka 65 hupewa, awe tajiri au maskini, kwa masharti yale yale kutoka Maine hadi Hawaii. Medicaid ni msaada kwa wasio na uwezo: fedha zake hutoka serikali kuu na serikali ya jimbo kwa pamoja, masharti yake hubadilika mtu akivuka mpaka wa jimbo, na hata jina hubadilika, kwa maana California huiita Medi-Cal, Massachusetts MassHealth na Tennessee TennCare.

Walioitunga Medicare waliichora kwa kufuata bima za hospitali za wakati wao, ambazo zililenga mtu anayeugua, akatibiwa, kisha akarudi kwake. Mzee ambaye hatapona, lakini pia hatakufa mwaka huu wala ujao, hakuwamo katika picha hiyo. Medicaid, kwa upande wake, ilizaliwa ikiwa na kipengele kilicholazimisha majimbo kulipia nyumba za wazee kwa maskini, na kipengele hicho ambacho wakati ule kilionekana kidogo ndicho kilichokuja kuifanya Medicaid kuwa mlipaji mkuu wa matunzo ya uzeeni katika taifa zima. Leo takriban wakazi sita kati ya kumi wa nyumba za wazee wanalipiwa na Medicaid. Baadhi yao hawakuwa maskini walipoingia. Umaskini wameupatia humo ndani.

Ili kuelewa jinsi hilo linavyotokea, lazima tushike tofauti moja ambayo mambo mengine yote yanaifuata. Sheria ya Medicare hutenganisha huduma ya kitaalamu na huduma ya kumtunza mtu tu. Kufunga kidonda cha kulalia chenye kina, kudunga dawa ya mshipani, kumfundisha upya mgonjwa wa kiharusi kumeza na kutembea, hizo ni huduma za kitaalamu, kwa sababu zinahitaji muuguzi au mtaalamu wa viungo aliyesomea. Kumwogesha, kumvisha, kumlisha kijiko kwa kijiko, kumsindikiza chooni, kumgeuza kitandani usiku, kumrudisha ndani kwa upole kila anaposhika kitasa cha mlango akidhani yuko kijijini kwao mwaka 1958, hizo ni huduma za kumtunza tu. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya msaidizi wa wauguzi, nayo ni kazi ambayo Wakenya na Watanzania wengi wanaohamia Marekani huanzia, anajua ipi kati ya hizo mbili humchosha mtu zaidi na ipi humweka mzee hai. Kwa mhasibu wa Medicare jibu ni jingine: ikiwa mzee anahitaji kutunzwa tu, bila la kitaalamu, Medicare hailipi, iwe ni nyumba ya wazee au ni nyumbani kwake.

Tumchukue bibi mmoja wa kubuni ili tusielee hewani. Ana miaka 79, ni mjane, anaishi Columbus, Ohio, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, na hupata dola 1,600 kwa mwezi kutoka mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Akiba yake benki ni dola 60,000. Ana binti anayefanya kazi zamu za usiku, na kijana wa kiume aliye mbali. Siku moja anaanguka bafuni na kukimbizwa hospitali.

Mtego wa kwanza unamngoja hapo hapo. Ili Medicare imlipie nyumba ya wazee baadaye, inampasa awe amelazwa hospitali kwa siku tatu mfululizo, bila kuhesabu siku ya kuruhusiwa, na kwa kawaida aingie katika nyumba hiyo ndani ya siku 30. Sasa, kulazwa kunakotambuliwa na sheria si kulala kwenye kitanda cha hospitali. Mgonjwa anaweza kupewa kitanda, chakula, dripu na gauni la hospitali kwa siku nne, kumbe kwenye kumbukumbu ameandikwa kuwa yuko chini ya uangalizi, yaani anahesabiwa kama mgonjwa wa nje. Siku hizo hazihesabiki hata moja. Tangu mwaka 2017 hospitali zinawajibika kumpa karatasi maalumu mgonjwa aliyekaa chini ya uangalizi kwa zaidi ya saa 24, lakini karatasi hiyo huja katikati ya karatasi nyingine kumi, mkononi mwa mtu mwenye maumivu, na hutiwa saini kama zile nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo jamaa wa mgonjwa wanapaswa kumuuliza daktari, kabla hata ya kuuliza majibu ya picha, ni hili: amelazwa, au anaangaliwa? Daktari anaweza kubadili uamuzi huo mgonjwa akiwa bado kitandani. Baada ya kuruhusiwa, kazi huwa kubwa zaidi.

Tuseme bibi yetu amelazwa kweli, nyonga ikafungwa vyuma, kisha akapelekwa nyumba ya wazee kwa mazoezi. Medicare italipa siku 20 za mwanzo zote. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 italipa sehemu, naye atachangia zile dola 209.50. Akikaa siku zote 80 za kuchangia atakuwa amedaiwa dola 16,760, isipokuwa awe na bima ya nyongeza inayoziba pengo hilo. Siku ya 101 Medicare haina wajibu tena. Na idadi ya mia moja ni kikomo cha juu tu, si haki ya kila mtu: siku ambayo timu ya wataalamu itaamua kwamba hahitaji tena huduma ya kitaalamu kila siku, malipo hukoma, hata ikiwa ni siku ya 17.

Hapa pana kosa linalofanywa mara nyingi, nalo linastahili kusemwa kwa kirefu kidogo. Kwa miaka mingi wazee walikatiwa malipo kwa hoja kwamba hawaonyeshi maendeleo tena. Mwaka 2013 mahakama iliidhinisha maridhiano katika kesi iitwayo Jimmo dhidi ya Sebelius, ambayo yalithibitisha kwamba kupata nafuu si sharti. Huduma ya kitaalamu inayomzuia mgonjwa asizidi kudhoofika nayo inalipiwa, mradi iwe inahitaji ujuzi wa mtaalamu. Hata hivyo maneno “amefika kikomo cha maendeleo” bado husikika kwenye vikao vya familia, na familia huinamisha kichwa na kukubali. Kabla ya kukatiwa, mgonjwa hana budi kupewa taarifa ya maandishi walau siku mbili mapema, yenye namba ya simu ya chombo huru cha kupokea rufaa. Muda wa kukata rufaa ya haraka huisha saa sita mchana ya siku iliyotangulia ile ya kukatiwa. Ni muda mfupi, lakini rufaa ni ya bure na hupigwa kwa simu.

Zaidi ya nusu ya wanaostahili Medicare sasa wamejiunga na mipango ya Medicare Advantage inayoendeshwa na kampuni binafsi. Mingi kati yake haidai zile siku tatu za kulazwa, jambo ambalo ni afueni. Badala yake hudai idhini kabla ya mgonjwa kuingia, na huirejea idhini hiyo kila baada ya siku chache, jambo ambalo si afueni hata kidogo.

Siku ya 101 bibi yetu anatakiwa alipe mwenyewe. Kwa utafiti wa bei wa mwaka 2024 uliofanywa na kampuni za Genworth na CareScout, chumba cha watu wawili katika nyumba ya wazee kiligharimu dola 111,325 kwa mwaka kwa bei ya kati, na chumba cha peke yake dola 127,750. Akiba yake ya dola 60,000, iliyochukua miaka thelathini kukusanywa, haitafika Krismasi mbili. Watu wachache sana wana bima binafsi ya matunzo ya muda mrefu, na serikali yenyewe ilijaribu kuunda ya umma ikashindwa: mpango ulioitwa CLASS ulipitishwa ndani ya sheria ya afya ya Rais Obama mwaka 2010, ukafutwa mapema mwaka 2013 kabla haujamlipia mtu yeyote, kwa kuwa ulikuwa wa hiari na hesabu zilionyesha kwamba wangejiunga hasa wale ambao tayari ni wagonjwa. Jimbo la Washington limejifunza kutokana na hilo. Tangu Julai 2023 linawakata wafanyakazi asilimia 0.58 ya mshahara kwa lazima, ili kuanzia Julai 2026 aliyetimiza masharti na akahitaji kutunzwa apate hadi dola 36,500 katika maisha yake yote. Ni kiasi kidogo kikipimwa na bei nilizotaja, lakini hakuna jimbo lililotangulia kufanya hivyo.

Kwa wengine wote, unaobaki ni mlango wa Medicaid, na mlango huo ni mwembamba. Katika majimbo mengi mtu asiye na mwenza hatakiwi kuwa na mali inayohesabika inayozidi dola 2,000. Yapo yanayoruhusu zaidi: Illinois huruhusu dola 17,500, na California, iliyokuwa imefuta kabisa kikomo cha mali mwanzoni mwa 2024, ilikirudisha Januari 2026 kwa kiwango cha dola 130,000. Mali isiyohesabika kwa kawaida ni gari moja, vyombo vya ndani, fedha za mazishi zilizokwisha kulipwa kwa mkataba usiovunjwa, na nyumba ya kuishi kwa masharti nitakayoyaeleza mbele. Kila kilichobaki lazima kitumike. Kutumia huko si kosa wala si hila: bibi anaruhusiwa kulipa madeni, kukarabati paa, kununua meno ya bandia au kifaa cha kusikia, kulipia mazishi yake mapema. Asichoruhusiwa ni kugawa.

Mapato nayo huangaliwa. Majimbo kama Texas na Florida yaliweka mwaka 2025 kikomo cha dola 2,901 kwa mwezi. Anayezidi hapo, hata kwa dola moja, hana budi kufungua akaunti ya amana maalumu ambamo mapato hupitishwa kila mwezi, na bila hiyo ombi lake hukataliwa ingawa pensheni haimtoshi hata kwa wiki mbili za nyumba ya wazee. Akishakubaliwa, karibu mapato yake yote huenda kwa nyumba hiyo, na Medicaid hujaza pengo. Anachobakiziwa ni posho ya mahitaji binafsi, ambayo sheria ya serikali kuu inataka isipungue dola 30 kwa mwezi, kiwango ambacho hakijaongezwa tangu mwaka 1988. Majimbo mengi yameongeza chochote juu yake. Kwa dola 30 mzee atasukwa nywele mara moja, au atalipia simu, au atanunua soksi na sabuni anayoipenda yeye badala ya ile ya chupa kubwa inayowekwa ukutani. Akifanya moja, nyingine hungoja mwezi ujao.

Mwenye mume au mke aliyebaki nyumbani hutendewa kwa huruma zaidi. Sheria ya mwaka 1988, ambayo sehemu yake kubwa ilifutwa mwaka uliofuata baada ya wazee wenyewe kuipinga kwa sababu ya kodi yake, iliacha nyuma ulinzi kwa mwenza ili asitupwe katika ufukara. Kwa mwaka 2025 mwenza huyo aliweza kubaki na mali ya kati ya dola 31,584 na 157,920, kutegemea jimbo na kiasi walichokuwa nacho, pamoja na sehemu ya mapato ya mgonjwa ikiwa yake hayamtoshi.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza Waswahili wa ughaibuni kuliko yote, nalo ni miaka mitano. Mtu anapoomba Medicaid ya matunzo ya muda mrefu, ofisi hukagua taarifa zake za benki za miezi 60 iliyopita, kwa mujibu wa sheria iliyotiwa saini Februari 2006. Kila fedha au mali iliyotolewa bure katika kipindi hicho hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa wastani wa gharama ya nyumba ya wazee kwa mwezi katika jimbo husika, na jibu ndilo idadi ya miezi ambayo Medicaid haitalipa. Ikiwa bibi yetu alimhamishia kijana wake dola 80,000, na wastani wa jimbo ni dola 8,000, basi ni miezi kumi. La kutia uchungu zaidi ni kwamba miezi hiyo haihesabiwi tangu siku alipotoa, bali tangu siku atakapokuwa amekwisha fukarika, yuko ndani ya nyumba ya wazee na ameomba. Hukumu humfikia wakati hana tena cha kuilipia.

Wamarekani wengi wakisikia habari ya zawadi hufikiria nyumba iliyoandikishwa jina la mtoto. Kwetu zawadi ina sura nyingine. Ni ada ya mjukuu Kisumu iliyotumwa kila muhula, ni mchango wa matanga, ni bati za nyumba ya mdogo wake huko Tanga, ni dola mia mbili kila mwisho wa mwezi kwa simu kwa dada aliyebaki na wazazi. Kila mojawapo, kwenye taarifa ya benki, ni fedha iliyotoka bila malipo kurudi. Sheria inamruhusu mwombaji kuthibitisha kwamba alitoa kwa sababu isiyohusiana kabisa na kutafuta Medicaid, na mtu aliyetuma kiasi kile kile kila mwezi kwa miaka ishirini ana hoja nzuri kuliko aliyetuma mkupuo mmoja wiki moja baada ya kiharusi. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake, kwa hiyo stakabadhi za kutuma fedha hazifai kutupwa. Fomu huuliza pia mali zote popote zilipo. Kiwanja cha Kibaha au nyumba ya kupangisha Mtwapa si siri ya familia mbele ya fomu hiyo, na kuificha ni kosa la jinai.

Lipo jambo jingine la kusaini. Mzee anapoingizwa, binti huwekewa mkataba mezani na kuonyeshwa mstari wa “mhusika anayewajibika”. Sheria ya mageuzi ya nyumba za wazee ya mwaka 1987 inakataza nyumba inayopokea Medicare au Medicaid kumlazimisha ndugu awe mdhamini wa deni kwa fedha zake mwenyewe kama sharti la kumpokea mgonjwa. Anaweza kutia saini kama msimamizi wa fedha za mzee, na aandike hivyo waziwazi kando ya saini yake. Aidha, nyumba iliyosajiliwa kupokea Medicaid hairuhusiwi kumfukuza mkazi kwa sababu tu akiba yake imekwisha na sasa analipiwa na Medicaid.

Msomaji atauliza kwa haki: kwani lazima mzee apelekwe huko, si atunzwe nyumbani? Hapo ndipo kosa la mwaka 1965 linapoonekana vizuri. Jimbo halina hiari kuhusu nyumba ya wazee. Kwa anayestahili, lazima lilipe. Lakini sehemu kubwa ya matunzo ya nyumbani ni hiari ya jimbo, na tangu mwaka 1981 hutolewa kwa vibali maalumu ambavyo serikali kuu huidhinisha na ambavyo jimbo linaweza kuwekea idadi ya watu. Nafasi zikijaa, watu hupanga foleni, na nchini kote foleni hizo zina mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wenye ulemavu wa akili na wa makuzi, pamoja na wazee. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1999, katika kesi ya Olmstead iliyotoka Georgia, kwamba kumfungia mtu mwenye ulemavu katika taasisi ilhali anaweza na anataka kuishi kwenye jamii ni ubaguzi. Uamuzi huo uliyasukuma majimbo sana, na leo fedha nyingi zaidi za Medicaid za matunzo ya muda mrefu huenda kwa huduma za majumbani na za kijamii kuliko kwa taasisi. Foleni hata hivyo hazikwisha.

Palipo na nafasi, kuna faida ambayo familia nyingi za Kiafrika hazijui: katika majimbo mengi Medicaid humruhusu mzee kuchagua mtunzaji wake na kumlipa, na mtunzaji huyo anaweza kuwa binti au mkwe. Mpango wa IHSS wa California ni mkubwa wa namna hiyo. Binti anayewaogesha wazazi wa watu wengine usiku kucha kwa mshahara, kisha akarudi kumwogesha mama yake bure, anaweza kuandikishwa na kulipwa kwa kazi hiyo ya pili, mradi mama awe amekubaliwa na Medicaid. Kuna pia PACE, mpango uliotokana na kituo cha On Lok cha mtaa wa Wachina wa San Francisco, unaomchukua mtu wa miaka 55 na zaidi, ukamletea basi asubuhi, ukamtibu, kumlisha na kumfanyisha mazoezi kituoni, na jioni ukamrudisha kwake. Haupo katika kila jimbo.

Yote hayo yanamhusu mzee aliyefanya kazi Marekani. Mzazi aliyeletwa na mwanawe akiwa na miaka 68 ana hesabu yake. Medicare ya hospitali bila ada hupatikana kwa aliyekatwa kodi kwa robo 40 za mwaka, yaani takriban miaka kumi, yeye mwenyewe au mwenza wake; kazi ya mtoto haihesabiwi kwa mzazi. Mzazi mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaweza kuinunua baada ya kuishi nchini miaka mitano mfululizo, na kwa mwaka 2025 ada ilikuwa dola 518 kwa mwezi kwa sehemu ya hospitali na 185 kwa sehemu ya madaktari, jumla dola 703. Nayo, kama tulivyoona, haitamlipia matunzo ya muda mrefu. Kwa Medicaid, sheria ya mwaka 1996 iliweka kusubiri kwa miaka mitano kwa wengi wenye kadi ya kijani, na hata baada ya hapo mapato ya mtoto aliyetia saini hati ya udhamini yanaweza kuhesabiwa kuwa ya mzazi, hadi mzazi awe raia au atimize robo 40. Hivyo uraia, ambao wengi huuona ni jambo la pasipoti na kura, kwa mzee ni jambo la kitanda.

Wakimbizi, wakiwemo Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, walikuwa wakiruka kusubiri huko. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebadili hali: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, mkimbizi ambaye bado hajapata kadi ya kijani hatalipiwa tena na fedha za serikali kuu za Medicaid. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba kadi hiyo baada ya mwaka mmoja, na kwa familia yenye mzee, mwaka huo ukifika haufai kupitilizwa. Sheria hiyo hiyo imepunguza jambo jingine linalomgusa kila mzee. Hadi mwisho wa 2026, Medicaid inaweza kulipa bili za miezi mitatu iliyotangulia ombi; kuanzia Januari 2027 itakuwa miezi miwili.

Wapo wanaoamua kumrudisha mzee nyumbani, ambako mlezi hupatikana kwa sehemu ndogo ya gharama na mjukuu yuko karibu. Ni uamuzi wenye mantiki, ila ujulikane kwamba Medicare karibu hailipii kabisa tiba nje ya Marekani, na mzee akiacha kulipia sehemu ya madaktari kisha akabadili mawazo na kurudi, ada yake inaweza kupandishwa kwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyokosa.

Imebaki nyumba ya bibi yetu. Medicaid haikuihesabu alipoomba, kwa kuwa alitia saini kwamba anakusudia kurudi, na kwa kuwa thamani yake haikuvuka kikomo, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 730,000 katika majimbo mengi. Hakuna aliyemtoa humo wala aliyebandika tangazo la mnada mlangoni. Lakini tangu mwaka 1993 kila jimbo linalazimika kudai katika mirathi fedha lililomlipia mtu mwenye miaka 55 au zaidi kwa matunzo ya muda mrefu, na kwa mjane asiye na akiba, mirathi ni ile nyumba. Dai haliwezi kutekelezwa mume au mke angali hai, wala akiwepo mtoto aliye chini ya miaka 21, au mtoto wa umri wowote aliye kipofu au mwenye ulemavu. Kadhalika, mtoto aliyeishi nyumbani humo na mzazi walau miaka miwili kabla ya mzazi kuhamishwa, akamtunza kiasi cha kumchelewesha asiende mapema, anaweza kuandikishiwa nyumba hiyo bila ile adhabu ya kugawa mali. Ushahidi unaotakiwa ni wa kawaida: anwani kwenye leseni ya udereva na kwenye bili, na barua ya daktari inayoeleza mama alihitaji nini na nani alikuwa akimfanyia. Uandikishaji huo lazima ufanyike mama angali hai. Baada ya mazishi, kinachofika kwenye sanduku la barua ni dai la jimbo, likiwa na jumla ya kila mwezi uliolipwa na tarehe ya mwisho ya kuomba msamaha kwa sababu ya dhiki, na tarehe hiyo kwa kawaida ni ya wiki chache tu mbele.